Umuhimu, Uharaka na Kipaumbele katika Barua Zitumwazo na Programu

Katika mazungumzo ya kila siku mtu aweza kusema kwamba barua fulani ni muhimu, au ni ya haraka, au imepewa kipaumbele, na msikilizaji asione tofauti kubwa baina ya maneno hayo. Lakini katika kazi ya barua pepe, na hasa barua ambazo hazitumwi na mkono wa mtu bali hutumwa na programu, mambo hayo ni matatu mbalimbali, na kila moja lina mstari wake katika kichwa cha barua. Watunga programu huyachanganya, na wafasiri huyachanganya zaidi, kwa kuwa neno kipaumbele limezoea kutumika mahali pa yote. Makala haya yakusudia kueleza jinsi programu inavyoitia barua daraja lake, ni kazi gani daraja hilo laweza kufanya na ipi haliwezi, na ni maneno gani ya Kiswahili yafaayo kwa kila jambo. Mifano imetolewa Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, kwa sababu hapo njia za kupeleka habari zimebadilika mara kwa mara katika muda wa miaka mia na hamsini, na kila njia ilikuwa na namna yake ya kuifanya habari moja iitangulie nyingine.

Habari na njia zake

Namna ya kale ya kuipa habari nafasi ya mbele haikuhitaji maandishi. Katika miji ya pwani mbiu, yaani pembe ya nyati, ilipigwa ili watu wakusanyike, na methali yasema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu haikueleza jambo lenyewe. Ilitangaza tu kwamba lipo jambo lipasalo kusikilizwa sasa. Nguvu yake ilitokana na uchache wake. Mji ambao mbiu ingalilia kila asubuhi kwa kila neno dogo ungaliacha kuiitikia.

Zama za misafara, Bagamoyo ilipokuwa mwisho wa njia kuu itokayo Ujiji na Tabora, nafasi ya mbele ilikuwa katika miguu ya mchukuaji. Mfano ujulikanao ni wa mwaka 1873. David Livingstone alipokufa kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mzigo ulikwenda polepole, lakini habari haikuungoja mzigo: Jacob Wainwright aliandika barua, na Chuma akatangulia nayo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora, ambako Oktoba 1873 alimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron. Barua hiyo haikutangulia kwa sababu ilitiwa alama ya haraka. Ilitangulia kwa sababu ilipewa mtu asiyefungwa na mwendo wa msafara.

Simu ilileta utaratibu wa tatu. Waya wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, ukiiunganisha na Aden upande wa kaskazini, na Msumbiji na Durban upande wa kusini. Na mwaka 1890 Bagamoyo na Dar es Salaam zikaunganishwa na Unguja. Neno simu lenyewe, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa na maana ya waya. Waya ulikuwa mmoja na waliouhitaji walikuwa wengi, basi ilipasa habari zipangwe foleni. Kwa kanuni za kimataifa za simu, habari za serikali zilitangulia, zikafuata zile za kazi ya simu yenyewe, kisha za watu binafsi zilizolipiwa haraka, na mwisho za kawaida. Aliyetaka habari yake ipite mbele alilipa ada kubwa kuliko wengine. Alama ya haraka iliandikwa juu ya karatasi, na karani alifungwa na kanuni kuitii.

Basi kuna mahali patatu ambapo nafasi ya mbele yaweza kukaa. Yaweza kukaa kwa mchukuaji, kama ilivyokuwa kwa Chuma. Yaweza kukaa katika foleni, kama ilivyokuwa katika ofisi ya simu. Na yaweza kukaa katika masikio ya msikilizaji, kama ilivyokuwa kwa mbiu. Leo barua pepe hufika pwani hiyo kwa intaneti, ambayo hupita, pamoja na njia nyingine, katika nyaya za baharini zilizotua Dar es Salaam, kama vile SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Kwa kuwa nayo hupita katika waya, watu wengi hudhani kwamba alama ya haraka katika barua pepe hufanya kazi ile ile ya alama ya ofisi ya simu. Sivyo. Kwa sehemu kubwa alama hiyo ni mbiu: haiiharakishi barua njiani, bali huita usikivu wa mpokeaji baada ya barua kufika.

Mistari ya kichwa cha barua

Kila barua pepe ina sehemu mbili: kichwa na mwili. Kichwa ni mistari mifupi, kila mmoja ukiwa na jina, nukta mbili na thamani yake, na humo hutajwa mtumaji, mpokeaji, tarehe na mada. Madaraja ya barua huandikwa humo humo. Mistari inayohusika ni minne.

Wa kwanza ni Importance. Thamani zake ni tatu: high, normal na low, yaani kubwa, ya kawaida na ndogo. Waraka wa RFC 2076 wa mwaka 1997, uliokusanya majina ya mistari iliyokuwa ikitumika, waeleza kwamba huu ni udokezi wa mtumaji kwa mpokeaji juu ya umuhimu wa barua, wala hautumiki kuongoza kasi ya kuipeleka.

Wa pili ni Priority. Nao una thamani tatu: urgent, normal na non-urgent, yaani ya haraka, ya kawaida, na isiyo ya haraka. Asili yake ni utaratibu wa barua uitwao X.400, uliotolewa mwaka 1984, ambao ulifuata desturi za simu. Kwa hiyo mstari huu wakubaliwa kugusa kasi ya upelekaji. Lakini kukubaliwa si kulazimishwa. Seva nyingi za leo hupokea na kupeleka barua bila kuutazama.

Wa tatu ni X-Priority. Herufi X mwanzoni yaonyesha kwamba mstari huu haukutoka katika kanuni, bali ulizuliwa na watunga programu za kusomea barua na ukaenea kwa mazoea. Thamani zake ni tarakimu kuanzia 1 hadi 5. 1 ni ya juu kabisa, 3 ni ya kawaida, na 5 ni ya chini kabisa. Programu ya Outlook ina na mstari wake wa pekee, X-MSMail-Priority, wenye maana hiyo hiyo.

Wa nne ni Precedence, na ndio ulio karibu zaidi na foleni ya kale. Programu ya seva iitwayo Sendmail, iliyotungwa Berkeley na Eric Allman, iliusoma mstari huu na kuigeuza thamani yake kuwa hesabu ya kupangia foleni: barua za kawaida zilihesabiwa 0, zile za upelekaji wa pekee 100, na zile zitumwazo kwa wingi zilishushwa chini ya 0. Hata hivyo Precedence haukupata kuwa kanuni kamili, na siku hizi kazi yake iliyobaki ni moja: programu nyingi zinazojibu barua kwa niaba ya mtu aliye likizo huiacha bila jibu barua yenye Precedence ya bulk, yaani iliyotumwa kwa wengi.

Jaribio la kuurudisha utaratibu wa foleni lilifanywa mwaka 2012, katika waraka wa RFC 6710. Huo waanzisha nyongeza ya kanuni ya SMTP iitwayo MT-PRIORITY, ambayo kwayo seva moja huiambia nyingine daraja la barua kwa tarakimu kutoka -9 hadi 9. Nyongeza hiyo yafanya kazi pale tu seva zinapokubaliana, nayo ilikusudiwa hasa kwa jeshi na huduma za dharura. Msomaji ataona jambo moja la hatari hapa: katika MT-PRIORITY tarakimu kubwa ndiyo ya mbele, hali katika X-Priority tarakimu ndogo ndiyo ya mbele. Mwalimu asemapo "ongeza kipaumbele", mwanafunzi mmoja ataandika 5 na mwingine 1, na wote watakuwa wametii. Afadhali kusema "pandisha daraja", kwa kuwa kila aliyesoma katika shule za Tanzania ajua kwamba daraja la kwanza ndilo la juu, ingawa tarakimu yake ni ndogo.

Jinsi programu inavyoweka daraja

Kuandika mistari hiyo ni kazi nyepesi. Katika lugha ya Python, baada ya kuunda barua na kuipa jina ujumbe, mtunga programu huandika hivi:

ujumbe["Importance"] = "high"
ujumbe["Priority"] = "urgent"
ujumbe["X-Priority"] = "1"

Huandikwa mitatu pamoja kwa sababu programu za kusomea barua hazifanani. Moja hutazama mstari huu, nyingine ule. Katika mfumo wa .NET, barua ina sifa iitwayo Priority, nayo hupewa moja kati ya thamani tatu, High, Normal au Low, na mfumo wenyewe huandika mistari ipasayo. Katika maktaba ya PHPMailer hutolewa tarakimu 1, 3 au 5. Na ikiwa hakuna iliyotolewa, mstari hauandikwi kabisa. Kutoandika ndiko kufaako kwa barua ya kawaida, maana barua isiyo na alama yaeleweka kuwa ya kawaida.

Mambo mawili hukosewa mara nyingi. La kwanza ni kwamba katika Python, kuandika mstari huo huo mara ya pili hakuufuti ule wa kwanza, bali huongeza mwingine chini yake; barua huondoka ikiwa na X-Priority mbili zinazopingana. Hapana budi kuufuta wa kwanza kabla ya kuandika mwingine. La pili lahusu lugha yenyewe. Neno high katika mstari wa Importance si neno la kusomwa na mtu. Ni alama isomwayo na mashine. Mfasiri akiandika "juu" mahali pake, barua haitaharibika, lakini alama itakuwa bubu, kwa kuwa hakuna programu iijuayo. Kinachofasiriwa ni maneno ayaonayo mpokeaji katika kioo chake na maneno ya mada, wala si thamani ya mstari. Mpaka huo baina ya neno la mtu na neno la mashine wapaswa kufundishwa mapema katika kila darasa la ufasiri wa programu.

Mfano wa tahadhari ya upepo

Na ichukuliwe kwa mfano ofisi ya wavuvi iliyo Bagamoyo, yenye programu ya kuwapelekea barua viongozi wa mialo ya Kaole, Mlingotini na Saadani. Programu hiyo hutuma barua za aina tatu: hesabu za samaki za kila mwezi, matangazo ya mikutano, na taarifa za upepo mkali na mawimbi makubwa. Aina ya tatu yahusu maisha ya watu. Ngalawa iliyokwisha kutoka haiitwi kwa barua. Basi taarifa hapana budi isomwe kabla ya tanga kupandishwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za namna hiyo kwa mikoa ya pwani, imekwisha kufanya kazi kubwa ya lugha katika jambo hili. Taarifa zake hutumia madaraja matatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Tena hutaja mambo mawili mbalimbali, ambayo ni uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kila moja likiwa na kipimo chake. Maana yake ni kwamba mtoa taarifa hachanganyi ukubwa wa jambo na ukaribu wake. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, kikaingia nchi kavu Mafia tarehe 4 ya mwezi huo, habari zake zilikuwa na umuhimu mkubwa tangu siku ya kwanza; uharaka ndio ulioongezeka kila siku iliyopita. Kinyume chake chapatikana ofisini: tangazo kwamba mkutano wa saa nane umehamishiwa chumba kingine ni la haraka sana, lakini umuhimu wake ni mdogo, na saa kumi halina kazi tena.

Kwa hiyo programu ya ofisi hiyo yapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kuandika alama. Je, jambo ni kubwa? Hilo ni swali la Importance. Je, lataka kusomwa sasa? Hilo ni swali la Priority. Taarifa ya upepo unaotazamiwa baada ya siku nne yastahili Importance ya high na Priority ya normal. Taarifa ya upepo wa usiku huu yastahili alama zote mbili. Hesabu za mwezi hazistahili hata moja. X-Priority, kwa kuwa ina mstari mmoja wa tarakimu kwa mambo mawili, haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Yafaa iachiwe hali ile ambayo umuhimu na uharaka vimekutana.

Lakini hata alama zikiwekwa barabara, haziiharakishi barua. Ikiwa saa kumi na moja jioni programu imeanza kutuma barua elfu za hesabu za mwezi, na saa kumi na moja na dakika tano taarifa ya upepo ikaingia, taarifa hiyo itakaa nyuma ya barua zote zilizosalia, ingawa imeandikwa urgent, kwa sababu foleni ya programu haisomi kichwa cha barua. Dawa yake ni ile iliyojulikana kwa Chuma: taarifa ipewe mchukuaji wake. Mtunga programu hufanya foleni mbili, moja ya tahadhari na moja ya barua nyingine, na foleni ya kwanza hutazamwa kila mara kabla ya ya pili. Hapo ndipo kipaumbele cha kweli kilipo. Kimo mikononi mwa mtunga programu mwenyewe, si katika mstari wa kichwa.

Upande wa mpokeaji nako kuna mipaka. Tangu mwaka 2010 Gmail hutenga barua muhimu kwa kuchunguza mwenendo wa msomaji mwenyewe, kama vile watu aliozoea kuwasoma na kuwajibu, badala ya kutegemea madai ya mtumaji. Vichujio vya barua taka navyo vimejifunza kuishuku alama hii: SpamAssassin ilikuwa na kanuni ya kuishuku barua yenye alama ya kipaumbele ambayo haikutaja jina la programu iliyoiandika. Sababu si ngumu kuijua. Wenye barua taka walizoea kuzitia barua zao alama ya juu kabisa, nao waliipiga mbiu mpaka ikapoteza sauti. Ofisi itakayotia high hata katika hesabu za mwezi yajifanyia hasara iyo hiyo, na hasara hiyo itaonekana siku ya upepo.

Msamiati ufaao

Katika Kiswahili cha leo neno kipaumbele limekubalika, na muundo wake ni mzuri: ndani yake mna kitenzi kupa na neno umbele, likifuata njia ya maneno kama kipaimara na kifunguamimba, ambayo hutaja kitu kwa kazi kifanyayo. Lakini maana yake yaliyomo ndani ya muundo huo ni kupewa mbele, na kitu hupewa mbele palipo na safu. Basi kipaumbele ni neno la foleni. Lafaa kwa Precedence, kwa MT-PRIORITY, na kwa foleni za programu. Neno utangulizi lingeweza kudai nafasi hiyo, ila limekwisha kushikwa na maneno ya mwanzo wa kitabu, na kulibebesha maana ya pili kungeleta mashaka.

Umuhimu, kwa upande wake, ni sifa ya jambo lenyewe, nao hautegemei saa wala safu. Hilo ndilo neno la Importance: umuhimu mkubwa, wa kawaida na mdogo. Uharaka ni uhusiano wa jambo na wakati. Hilo ndilo neno la Priority ya utaratibu wa X.400, ingawa jina lake la Kiingereza ndilo ambalo kamusi hulifasiri kipaumbele. Na hapa mfasiri afuate thamani, ambazo ni ya haraka, ya kawaida na isiyo ya haraka, asidanganywe na jina. Dharura ni neno la nne, lipasalo kulindwa: lataja tukio, si barua. Barua ya haraka yaweza kuhusu mkutano. Barua ya dharura yahusu hatari. Mfasiri atakayeandika "dharura" katika kitufe cha kila barua yenye alama ya juu atakuwa ameipunguza nguvu ya neno ambalo watu wa pwani hulihitaji siku chache tu katika mwaka.

Kama maneno haya manne yakitumika kila moja mahali pake, mwanafunzi wa programu atajua kwa kusikia tu ni mstari gani wa kuandika na ni kazi gani asiitarajie kwake. Atajua kwamba umuhimu na uharaka huandikwa katika kichwa, na mpokeaji ana hiari ya kuvisikiliza; kwamba kipaumbele hupangwa katika foleni, na ni wajibu wa mtumaji kukipanga; na kwamba alama iliyotumika kwa uchache ndiyo itakayosomwa na kiongozi wa mwalo wa Mlingotini kabla wavuvi hawajatweka.